Muhimbili au Bugando? Mjadala wa familia moja ya Sengerema

Kijana aliyemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCB na kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, siku hizi anaweza kuomba udaktari katika vyuo kadhaa kwa mpigo. Tangu 2017 maombi hayapiti tena kwenye mfumo mmoja wa pamoja. Kila chuo hupokea ya kwake, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, husimamia. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri na kupewa siku chache za kuthibitisha chuo kimoja tu.

Neema hii ni ya juzi. Hadi katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na chuo kimoja cha shahada ya udaktari, kile kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Mwaka 1997 kikaja cha KCMC mjini Moshi na cha Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam. Bugando, Mwanza, kilianza 2003. Vingine vikafuata Ifakara, Dodoma, Mbeya na Zanzibar. Zamani mzazi aliuliza kama mwanawe amepata nafasi. Wa leo, akibahatika, anauliza ampeleke wapi.

Familia inayozungumza hapa ni ya mfano. Hoja zake ndizo zinazojirudia katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa wakati wa udahili. Vyuo, sheria na taratibu zinazotajwa ni za kweli. Nyumba iko Sengerema. Baba ni mwalimu wa sekondari. Mama analima mpunga, anauza dagaa sokoni, na ana kisukari kinachomtaka ahudhurie kliniki kila mwezi. Binti yao wa kwanza amechaguliwa Muhimbili na Bugando. Wamo pia babu mzaa baba, shangazi ambaye ni muuguzi mstaafu anayeishi Mabatini jijini Mwanza, na kaka wa binti kwa upande wa baba mkubwa, aliyesomea Muhimbili na sasa ni daktari mtarajali.

Hesabu ya Baba

Baba alianza na daftari. Muhimbili ni chuo cha umma, na ada yake ya udaktari kwa Mtanzania iko jirani na milioni mbili kwa mwaka. Bugando, ambacho jina lake kamili ni Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, CUHAS, ni cha Kanisa, na ada ya vyuo vya namna hiyo huwa zaidi ya maradufu. Ili hesabu iende, akaweka tofauti ya milioni tatu kwa mwaka. Udaktari ni miaka mitano, kwa hiyo tofauti nzima ni milioni 15.

"Sasa tuweke umbali kwenye mizani," alisema. "Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Nauli ya basi kwenda na kurudi tuseme laki moja na nusu. Akichoka na basi, akifika Dodoma anapanda treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria hadi Dar tangu 2024. Aje nyumbani mara mbili kwa mwaka, laki tatu. Miaka mitano, milioni moja na nusu. Safari zote mpaka anavaa joho ni nusu ya tofauti ya ada ya mwaka mmoja tu. Anayesema asome karibu ili tuokoe hela hajashika kalamu."

Shangazi aliguna. Kaka alitikisa kichwa kukubali. Kwa dakika chache ilionekana kikao kimekwisha.

Hesabu ya Mama

"Mwalimu, umeweka nauli, hujaweka chumba," Mama alisema.

Akaendelea bila daftari. Mwanza binti atalala kwa shangazi yake, Mabatini, si mbali na mlima wa Bugando. Dar es Salaam kuna baba mdogo mmoja, naye anaishi Mbagala. Kaka alithibitisha kwamba kutoka Mbagala hadi Upanga, kilipo chuo cha Muhimbili, kila alfajiri, kwa foleni ile, mwanafunzi anafika darasani akiwa amekwisha choka, na akianza miaka ya wodini ataitwa usiku. Nafasi za hosteli hugombewa. Akikosa, atapanga, na mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajatoa ufunguo.

Baba aliandika: chumba, laki moja kwa mwezi, milioni moja na laki mbili kwa mwaka.

"Na chakula," Mama alisema. "Kwa wifi yangu atakula kilichopikwa. Dar atanunua kila tonge. Weka elfu tano kwa siku kwa mama ntilie, na hapo asubuhi anakunywa chai kavu."

Kwa siku 270 za masomo, hiyo ni milioni moja na laki tatu na nusu. Baba alijumlisha mara mbili kuhakikisha. Ada ya milioni mbili, chumba, chakula na nauli, Muhimbili ilifika milioni nne na laki nane u nusu kwa mwaka. Bugando, kwa ada ya milioni tano na kitanda cha bure kwa shangazi, ilikuwa milioni tano. Tofauti ya milioni tatu ilikuwa imeyeyuka mpaka laki moja na nusu.

Familia nyingi hukosa upande huu wa pili wa hesabu kwa sababu tangazo la udahili hutaja ada, halitaji tonge. Chuo cha umma kilicho mbali huonekana rahisi kwenye karatasi, na gharama yake iliyobaki hujitokeza mwezi wa tatu, mwanafunzi anapoanza kukopa kwa wenzake. Vilevile, chuo cha karibu huonekana rahisi kwa sababu kuna jamaa wa kumpokea mtoto, wakati huyo jamaa hajaulizwa kama ataweza kwa miaka mitano.

Shangazi aliulizwa. Alijibu kwamba ataweza, ila pensheni yake ni ileile na bei ya mchele hupanda. "Sitamdai mtoto wa kaka yangu hata senti," alisema. "Lakini msiniandike kama sina gharama."

Fedha inayokuja nyuma

Yote haya yalikuwa yakizungumzwa kana kwamba hakuna mkopo. Kaka ndiye aliyeuingiza mezani.

Alieleza kwamba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, haitoi mkopo kama furushi moja. Hupima uwezo wa familia, kisha hugawa kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Posho ya chakula na malazi, ambayo vyuoni huitwa bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023. Udaktari umo katika fani za kipaumbele. Hata hivyo kipaumbele hakimaanishi kupata kila kitu, na mtoto wa mwalimu mwenye hati ya mshahara hawezi kutarajia kupimwa sawa na yatima.

Mama aliona mwanya hapo hapo. Bumu likitoka na binti akiwa analala na kula kwa shangazi, fedha hiyo inaweza kuzibia pengo la ada ya Bugando. Ndivyo wafanyavyo wengi.

"Mama mdogo, ni kweli wanafanya hivyo," kaka alisema. "Ila mkopo wa ada una kikomo. Chuo cha umma, ukipata asilimia nzuri, unaweza kufunika ada karibu yote. Chuo cha gharama kubwa, kinachozidi kikomo unalipa mwenyewe, kila mwaka. Na bumu likichelewa, ada haingoji."

Babu aliuliza kuhusu ufadhili wa serikali aliousikia redioni. Ni Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/2023 kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, na elimu ya tiba imo. Binti alijibu mwenyewe kwamba alama zake ni nzuri, lakini jina lake halimo.

Kisha kaka akataja jambo lililowanyamazisha wote. Kwa kawaida dirisha la kuthibitisha chuo hufungwa kabla Bodi haijatoa mgao wake wa kwanza. Binti alitakiwa kuchagua chuo kabla ya kujua kama atakopeshwa, na kiasi gani.

Hapa ndipo penye jeraha la utaratibu wetu. Uamuzi mkubwa kuliko wote ambao familia ya kawaida itawahi kuufanya kwa fedha zake unafanywa bila tarakimu iliyo muhimu kuliko zote. Wenye uwezo hawaumii, kwa kuwa mkopo kwao si nguzo. Wanaoumia ni watoto wa walimu, wauza dagaa na wakulima wa mpunga, ambao huchagua kwa kubahatisha, kisha hutafuta namna ya kuhama chuo mwaka ukiwa umekwisha anza.

Aliye karibu ndiye anayetumwa

Hoja ya ukaribu ilitarajiwa kuwa ya Mama peke yake. Aliyeipinga kwa nguvu zaidi ni yule ambaye angempokea binti nyumbani kwake.

"Nimekaa wodini maisha yangu yote ya kazi," Shangazi alisema. "Mwanafunzi wa udaktari mwenye kwao karibu, ukoo mzima humgeuza mlango wa hospitali. Simu inaita saa mbili asubuhi: mjomba yuko getini, hajui pa kufungua faili. Anaacha kipindi anakwenda. Kesho ni jirani wa mjomba. Jumamosi kuna msiba Kamanga, na sasa daraja lipo, hana kisingizio."

Daraja alilolisema ni la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla yake watu wa Sengerema walisubiri kivuko, na foleni ya kivuko ilitosha kuwa sababu ya kutofika. Kwa mgonjwa wa dharura kungoja huko kulikuwa hatari kubwa, na hakuna katika kikao aliyetamani siku zile zirudi. Lakini Shangazi alikuwa na haki ya kusema kwamba barabara inayompeleka mgonjwa haraka hospitali humleta pia mwanafunzi haraka msibani.

"Na huyu ni binti," aliongeza. "Mdogo wake wa kiume akiwa chuo, watasema mwacheni anasoma. Yeye wataambiana aje asaidie kupika. Nimewaona wakifeli hivyo, wala si kwa kukosa akili."

Mama hakukataa. "Wifi, unayosema yapo. Ila dawa yake ni sisi wazazi kukataza. Tukishindwa kusema hapana kwa ndugu zetu, tusimwadhibu mtoto kwa kumpeleka mbali."

Kisha akasema lile lililokuwa moyoni. Hahitaji binti awe muuguzi wake. Kliniki amekuwa akienda kabla binti hajazaliwa. Anachotaka ni kumwona kwa macho walau mara moja kwa mwezi, ili akikonda aone, akinyamaza ajue.

Kaka, ambaye hadi hapo alikuwa akionekana mtetezi wa Dar, alimuunga mkono. Katika mwaka wake wa kwanza alikuwa na mwenzake kutoka mkoa wa mbali aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya anatomia. Hakumwambia mtu. Kwa simu kila siku alikuwa "mzima kabisa". Akapata nyingine ya fiziolojia, akaanza kujifungia chumbani. "Nyumbani kwao walijua siku alipokuwa amekwisha disko, ameondolewa chuoni. Angekuwa na mama wa kumwona Jumapili moja tu, nadhani angesema."

Hizi ni hoja mbili za kweli na hazifutani. Ukaribu hula muda wa mwanafunzi, na ukaribu huohuo humkamata kabla hajaanguka. Familia inayojijua kuwa na ndugu wengi wasiokatazika ihesabu upande wa kwanza kuwa mzito. Yenye mtoto mkimya asiyeomba msaada ihesabu wa pili. Binti wa Sengerema si mkimya. Mama yake mwenyewe alikiri hilo, kwa kicheko kilichowapumzisha wote.

Kitandani kwa mgonjwa

Ubora wa vyuo ulizungumzwa kwa muda mfupi kuliko ambavyo mtu wa nje angedhani, lakini ulizungumzwa na waliokuwa wanajua.

Kaka alieleza kwamba anayesoma Muhimbili amezungukwa na taasisi ambazo nchi nzima hupeleka wagonjwa wake walioshindikana. Ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoanza 1996. Ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza 2015. Ocean Road, taasisi ya saratani, iko jijini humo humo, na hospitali ya Mloganzila ilifunguliwa 2017. Mwanafunzi anayeota kubobea baadaye anaona njia yote mbele yake.

Shangazi alijibu kwa wivu wa mtu wa Mwanza. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, ndiyo kimbilio la rufaa la Kanda ya Ziwa nzima, na magonjwa yake ni yale ambayo daktari wa huku atakutana nayo kila siku. Selimundu imejaa kanda hii. Kichocho kinatoka ziwani. Watoto wenye uvimbe wa taya wa saratani ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, ni wa ukanda huu huu wenye malaria nyingi. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kipo Mwanza. "Mkimfundishia Dar, atakuja kujifunza ugonjwa wa kwao ukubwani," alisema.

Kaka alikubali zaidi ya alivyotegemewa. Katika hospitali yoyote kubwa ya mafunzo, kitanda kimoja huzungukwa na daktari bingwa, wanaosomea ubingwa, watarajali, halafu wanafunzi wa shahada ya kwanza wakinyoosha shingo kutoka nyuma. Anayetaka kugusa mgonjwa lazima arudi jioni, raundi ikiisha, akae na mgonjwa, amuulize habari zake pole pole. Hilo linategemea mwanafunzi kuliko jina la chuo. Na mwishoni wahitimu wa vyuo vyote viwili hufanya utarajali wa mwaka mmoja, husajiliwa na Baraza lilelile la Madaktari Tanganyika, na huomba ajira zilezile.

Hizo ajira nazo zina historia ya kumfanya mzazi afikiri. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kuipatia Kenya madaktari 500. Mpango ulipokwama mahakamani Nairobi, Rais John Magufuli aliagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda huko waajiriwe nyumbani. Maana yake walikuwepo madaktari waliofuzu, wakiwa hawana kazi, katika nchi yenye uhaba wa madaktari. Deni nalo halimsahau mtu. Akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya 2016. Afadhali iliyopatikana ni kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, mwaka 2021. Aliyekopa zaidi atakatwa kwa muda mrefu zaidi, na atakayekatwa ni binti, wala si kikao.

Babu na ng'ombe

Babu alisubiri wote wamalize. Alikumbusha kwamba katika ujana wake, aliyetaka udaktari kutoka Usukumani alipanda meli Mwanza, akashuka Port Bell na kwenda Makerere, ambako udaktari ulikuwa ukifundishwa tangu 1924. Kampala ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam. "Hatukuuliza karibu au mbali. Tuliuliza msimu wa pamba umekuwaje."

Alitoa ng'ombe sita.

Hapo ndipo Binti, ambaye alikuwa amenyamaza kwa heshima ya wakubwa, aliomba kusema. Alimshukuru babu yake, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amelifikia.

"Mkopo ukija nusu, ng'ombe hao wataisha mwaka wa ngapi?"

Baba alirudi kwenye daftari. Binti hakumngoja. Mdogo wake anaingia kidato cha tano mwaka huu, ambacho tangu 2022 serikali imekifutia ada pamoja na kidato cha sita. Mwaka ambao yeye ataanza wa tatu chuoni, mdogo wake atakuwa anaanza wa kwanza. Wawili kwa pamoja, mshahara mmoja, na zizi tupu.

"Kwa jumla ya mwaka vyuo vimelingana, nimeona," alisema. "Lakini fedha zake hazilipwi kwa namna moja. Bugando sehemu kubwa ni ada, inatakiwa kwa mkupuo mwanzo wa muhula, na usipoimaliza mtihani unakuponyoka. Muhimbili sehemu kubwa ni chumba na chakula. Hizo zinatoka kidogo kidogo. Mwezi mbaya naweza kubana."

Mama alimkatiza. "Kubana maana yake njaa. Sema neno lenyewe."

"Ndiyo, Mama. Maana yake njaa kidogo."

Nani abebe?

Kikao kilikuwa kimefika mahali pake sasa. Kwa muda wote huu gharama na ukaribu vilikuwa vikizungumzwa kama vitu viwili vinavyoshindana, kumbe swali lilikuwa moja: fedha zikipungua, na katika nyumba ya mwalimu lazima zitapungua, upungufu utamwangukia nani? Akisoma karibu kwa ada kubwa, utaanguka nyumbani: kwa shangazi mwenye pensheni, kwa mdogo wake anayengoja zamu, kwa zizi la babu. Akisoma mbali kwa ada ndogo, utaanguka kwenye sahani yake mwenyewe, mahali ambapo hakuna wa nyumbani atakayeuona.

Ni dhulma kumwachia msichana wa miaka 19 ajitolee kubeba hilo kwa ujasiri wake, na wazee wakashukuru na kuondoka. Ujasiri wake una thamani pale tu familia inapotamka waziwazi anachokibeba na kumpunguzia. Mama alilielewa hili kabla ya wengine. Aliacha kupinga Dar na kuanza kudai masharti.

La kwanza, shilingi laki moja zitumwe kila tarehe mbili ya mwezi kwa ajili ya chakula, kabla ya mchango wowote wa harusi au kikoba, bumu liwepo lisiwepo. La pili, ng'ombe wawili wauzwe sasa na fedha zikae benki kama kodi ya miezi sita, ili asikose chumba kwa sababu ya mkupuo wa mwenye nyumba. La tatu, kaka, mwenye marafiki Upanga, amtafutie mwanafunzi wa miaka ya juu wa kumwangalia na mwenye namba ya simu ya Mama. La nne, siku za kliniki ya Mama zichukuliwe na mtoto wa tatu, wa kiume, ajue vidonge na vipimo vya sukari kama dada yake alivyojua. Na likizo ndefu binti aje Sengerema, si kwa baba mdogo Mbagala.

Baba aliyaandika yote. Shangazi aliomba la tano: ndugu wa Mwanza wanaotaka kuonyeshwa njia hospitalini wampigie yeye.

Binti akathibitisha Muhimbili.

Familia nyingine yenye tarakimu hizo hizo ingeweza kuchagua Bugando na kuwa sahihi kabisa. Ingetosha shangazi awe na kipato zaidi, au parokia iwe imeahidi kusaidia ada, au mdogo wake awe bado shule ya msingi, au binti mwenyewe awe wa kunyamaza. Wapo wanaothibitisha Bugando kila mwaka kwa sababu hizo na wanakuwa madaktari wazuri wa kanda yao. Kinachosikitisha ni wale wanaochagua kwa jina la chuo, au kwa ada iliyoandikwa kwenye tangazo, au kwa machozi ya mzazi mmoja, halafu mwaka wa pili wanakaa nyumbani wakingoja fedha.

Wengi wa hao wangeweza kuepushwa na hilo kwa kubadili kalenda tu. TCU na Bodi ya Mikopo ziko chini ya wizara moja, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Hakuna sababu ya lazima mwombaji athibitishe chuo kabla ya kujua mkopo wake. Bodi ikimaliza kupima uwezo wa familia mapema, inaweza kumwambia kila mwombaji kiwango chake kabla dirisha la TCU halijafungwa, akaona kwa kila chuo alichochaguliwa kiasi kitakachobaki kwa mzazi. Vyuo navyo vinaweza kutangaza, pembeni ya ada, makadirio ya kweli ya chumba, chakula, vifaa vya maabara na vya wodini. Baba wa Sengerema angekuwa na safu hizo kwenye daftari tangu mwanzo, na kikao kingeanzia kwenye masharti ya Mama.

Mama aliuunga mkono uamuzi bila kukubali hoja zote zilizouzaa. Bado anaamini mwaka wa kwanza ungekuwa salama zaidi Mabatini. Kwa mtoto wa pili amekwisha weka utaratibu wake: kikao kifanyike mwezi Mei, mtihani wa kidato cha sita ukiisha na kabla matokeo hayajatoka; Baba apige simu katika kila chuo kuuliza hosteli ni ngapi na wanaokosa hulala wapi; na Shangazi aulizwe kwanza, mbele ya wote, kama bado ana nafasi.